Nyuki Haulizwi Pasi



Katika kikao chetu cha mwezi uliopita vijana walileta ombi lililotugawa. Wanataka kuchora nyuki, vipepeo na ndege aina ya chozi kwenye ukuta mmoja huko Soweto, wakishirikiana na wenzao wa mtaa huo wanaosoma nao. Lengo lao ni ukuta uwe tayari tarehe 20 Mei ijayo, Siku ya Nyuki Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2017 na ikaanza kuadhimishwa mwaka 2018. Rangi zimeshapatikana. Baadhi yetu tulipiga makofi. Wengine waliuliza swali ambalo halikupata jibu siku hiyo: ukuta ule ni wa nani, na sisi wageni tunaupaka rangi kwa idhini ya nani? Mzee mmoja alifunga mjadala kwa kusema kwamba kabla ya kuchora nyuki tujue kwanza historia ya sanaa katika mitaa ile. Kazi hiyo tukaachiwa sisi wa jarida, na haya ndiyo tuliyoyakusanya.

Tuanze na nyuki mwenyewe, kwa sababu yeye si mgeni hapa wala kwetu. Aliyekaa Johannesburg hata mwaka mmoja atakuwa amesikia Wazulu wakimwita inyosi, na Wasotho na Watswana wakimwita notshi. Wakikuyu humwita njuki, nasi nyuki. Ni neno moja lililosafiri na watu kutoka bonde hadi bonde kwa maelfu ya miaka, likabadilika kidogo kila lilipolala. Mdudu naye ni huyo huyo. Wataalamu humwita Apis mellifera scutellata, na makazi yake yanaanzia nyika za Afrika ya Mashariki hadi kwenye uwanda huu wa juu tunaoishi. Nyuki anayeingia kwenye mzinga wa gome kule Tabora na huyu anayezengea kopo la soda kituo cha teksi cha Bara ni wa ukoo mmoja.

Ukoo huo nao una watu wake wa ughaibuni. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro, yakachanganyika na nyuki wenye asili ya Ulaya, na uzao wao ukasambaa nchi hadi nchi. Ulipofika Texas mwaka 1990, magazeti ya Marekani yalikuwa yameshaupa jina la nyuki wauaji. Wafugaji wa Brazil, baada ya miaka ya hofu na hasara, walijifunza tabia zake, na leo asali yao inatoka kwake. Msomaji aliyewahi kuitwa jina baya mahali alipokwenda kutafuta riziki hahitaji maelezo zaidi.

Kumchora nyuki hadharani pia si jambo jipya katika nchi hii. Katika milima ya Drakensberg, ambayo UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, Wasani walichora nyuki na masega kwenye kuta za mapango. Harald Pager alitumia miaka kunakili karibu michoro 4,000 ya bonde moja tu, Ndedema, na kitabu chake kikatoka mwaka 1971. Humo wamo nyuki wadogo sana, kila mmoja kwa mguso wa brashi, wakiruka kwa makundi. Watafiti waliofuata, akiwemo David Lewis-Williams wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, waliihusisha michoro ya namna hiyo na ngoma za uganga, kwani Wasani waliona kwamba nyuki wana nguvu. Kuta zile zilikuwa mahali walipoishi na kuchezea ngoma zao, na michoro yake ilikuwa sehemu ya maisha hayo.

Sasa tuje Soweto. Jina lenyewe ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi, nalo lilianza kutumika rasmi mwaka 1963. Serikali ya kibaguzi iliwapanga Waafrika huko, ng'ambo ya vilima vya mchanga wa machimbo ya dhahabu, katika nyumba ndogo zinazofanana ambazo watu waliziita viberiti. Miti haikuwa katika hesabu. Upande wa kaskazini wa jiji, mitaa ya Wazungu ilipandwa miti kwa wingi hata Johannesburg ikasifiwa kuwa msitu uliopandwa kwa mikono. Mikono hiyo ilikuwa ya nani? Wanaume wengi wa Soweto walidamka alfajiri, wakapanda treni na kitabu cha pasi mfukoni, wakaenda kumwagilia maua ya watu wengine. Jioni walirudi kwenye vumbi. Nyuki aliweza kwenda kwenye jakaranda za kaskazini bila kuulizwa karatasi. Mtunza bustani aliulizwa kila kona.

Kazi za kwanza kubwa za kutazamwa na umma huko Soweto zilisimamishwa na wengine. Katika kitongoji cha Jabavu upo mnara wa mawe na matofali wa mwaka 1957, unaomkumbuka Ernest Oppenheimer, bwana wa machimbo, aliyefanikisha mkopo wa pauni milioni 3 wa kujengea nyumba. Chini ya mnara huo, mwaka 1974, mganga na mwandishi Credo Mutwa alianza kujenga kijiji cha sanamu kubwa za udongo na saruji, zikionyesha miungu na visa vya kale vya Kiafrika. Sanamu zile zina nguvu, na aliyezitembelea hazisahau. Lakini katika machafuko ya 1976 sehemu ya kijiji ilichomwa moto na vijana waliomwona Mutwa kuwa yuko upande wa serikali. Mutwa alifariki mwaka 2020, na sanamu zilizobaki zipo hadi leo. Tunalitaja hili si kwa kumhukumu marehemu. Tunalitaja kwa sababu vijana wale hawakuuliza kama sanamu ni nzuri. Waliuliza ni ya nani. Ni swali lile lile lililoulizwa katika kikao chetu.

Jibu bora tulilolipata limo katika kisa ambacho wengi wetu hatukuwa tumekisikia, cha bustani za wananchi za 1985 na 1986.

Miaka hiyo ilikuwa ya moto. Serikali ilikuwa imeunda mabaraza ya miji ya Waafrika ambayo wakazi waliyakataa. Tarehe 21 Julai 1985 hali ya hatari ilianza kutumika katika sehemu nyingi za nchi, Soweto ikiwemo. Magari ya kijeshi yalizunguka mitaani. Huduma za mabaraza zilivurugika, na moja ya huduma hizo ilikuwa uzoaji taka. Takataka zikalundikana kwenye viwanja vya wazi na kwenye pembe za barabara, watoto wakacheza juu yake, panya wakanenepa.

Kuanzia mwishoni mwa 1985 vijana wa mitaa waliingia kazini. Walifagia, wakafukia mashimo, wakachoma kilichochomeka. Kisichochomeka wakakifanya sanaa. Matairi yalipakwa rangi na kupangwa kuwa ua au kiti. Mawe yalipakwa rangi na kupangwa kuwa maandishi. Vyuma chakavu na mabaki ya magari yaliungwa kuwa sanamu. Katikati yake walipanda nyasi, miche ya miti na maua. Majirani walichanga fedha, rangi na mimea. Kisha kila bustani ikapewa jina, na mengi yalikuwa ya watu ambao kutaja majina yao hadharani kulikuwa hatari: Mandela aliyekuwa gerezani, Tambo aliyekuwa uhamishoni, Biko aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977. Jambo hili halikuwa la Soweto peke yake. Lilitokea pia Alexandra, Mamelodi na vitongoji vingine. Steven Sack, mmoja wa waliolichunguza, aliandika mwaka 1989 juu ya bustani hizo kama sanaa ya mtaani.

Tusiwapambe kupita kiasi. Vijana wa wakati ule walikuwa pia katika vita, na ndani ya mitaa hiyo hiyo yalitendeka mambo ya kutisha, watu wakichomwa kwa matairi ya aina ile ile iliyokuwa ikipakwa rangi. Labda ndiyo sababu bustani zile zinatugusa. Tairi lilikuwa silaha wiki moja, na wiki nyingine likawa chungu cha ua. Aliyelipanda ua hilo hakuwa amesoma shule ya sanaa. Huenda alikuwa ameona tu jinsi baba yake anavyoshika koleo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi ya baba yake huko kaskazini.

Na palipo na ua hapakosi nyuki. Hatuna mchoro wa nyuki uliosalia kutoka bustani zile, lakini ni sawa kusema kwamba zilimkaribisha mdudu huyo kuliko mchoro wowote. Ukuta uliochorwa nyuki hauna chavua. Kiwanja kilichokuwa jalala, kikiwa sasa na ua hata la kopo, kinayo.

Bustani nyingi hazikuona mwaka wake wa pili. Tarehe 12 Juni 1986 hali ya hatari ilitangazwa nchi nzima. Wakazi wa Soweto walikuwa wameshaanza mgomo wa kodi za nyumba, na tarehe 26 Agosti mwaka huo polisi waliwaua watu zaidi ya 20 katika eneo la White City, Jabavu. Polisi na wanajeshi walizivunja bustani: sanamu ziling'olewa, mawe yenye majina yakatawanywa, magari mazito yakapita juu ya mimea. Kwa macho ya askari, kitanda cha maua chenye jina la mfungwa wa kisiasa kilikuwa tangazo la vita. Ajabu ya mambo ni kwamba mwaka huo huo sheria za pasi zilifutwa. Mtu aliruhusiwa kutembea ilhali ua lake halikuruhusiwa kusimama. Kilichobaki ni picha na kumbukumbu za watu ambao leo ni wazee wa mitaa.

Hapo Mtanzania anayesoma atakumbuka Mazimbu, nasi tulikumbuka. Baada ya Juni 1976 wanafunzi wengi wa Soweto walikimbia nchi, na mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ANC ardhi ya shamba la zamani la mkonge karibu na Morogoro. Hapo wanafunzi na walimu walishiriki kujenga shule yao, Chuo cha Solomon Mahlangu, kilichopewa jina la kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Oliver Tambo alikifungua rasmi mwezi Agosti 1985, wakati nchini kwake bustani za matairi zilikuwa karibu kuanza. Walilima, walifuga, walipanda miti. Mwaka 1992 walirudi kwao, na mahali pale leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Miti waliyoipanda vijana wa Soweto inawapa kivuli wanafunzi wetu. Hakuna aliyewauliza Mazimbu kama wana haki ya kupanda. Waliikuta ardhi imetolewa, wakaitunza.

Baada ya 1994 sanaa ya hadharani ilirudi Soweto kwa njia nyingine. Minara miwili ya kupoozea maji ya kituo cha umeme cha Orlando, kituo kilichoanza kazi mwaka 1942 na kuwasha taa za jiji miaka mingi wakati nyumba nyingi zilizokizunguka zikitumia mishumaa, ilipakwa michoro mikubwa baada ya kituo kufungwa mwaka 1998. Mmoja ulipewa picha za maisha ya Soweto, na mwingine ukawa tangazo la benki. Mgeni yeyote hupigiwa picha hapo. Ni kazi ya kupendeza, lakini hakuna jirani anayeimwagilia maji.

Kazi iliyo karibu zaidi na zile bustani za 1985 tuliikuta Tshiawelo. Huko kuna kilima ambacho kwa miaka kilikuwa jalala na maficho ya wahalifu. Mwanaharakati wa mazingira Mandla Mentoor na majirani zake walikisafisha, wakakiita Mlima wa Matumaini wa Soweto. Vikundi vya kina mama na vijana walilima mboga, wakatengeneza sanaa kwa taka. Mwaka 2002, Mkutano wa Dunia wa Maendeleo Endelevu ulipofanyika Johannesburg, kilima hicho kilijulikana kwa wageni wa mataifa mengi. Jiji nalo mwaka 2006 lilianzisha mpango wa kuipa Soweto kijani, lengo likiwa miti 200,000 kabla ya Kombe la Dunia la 2010. Anayetembea huko leo anaona tofauti, ingawa si kila mche uliopandwa na jiji ulipata wa kuutunza.

Vijana wetu watatuambia kwamba mahali pengine nyuki wa kuchorwa amefanya kazi kubwa, na ni kweli. Mji wa Manchester, Uingereza, una nyuki katika nembo yake tangu 1842, alama ya wafanyakazi wa viwandani. Baada ya shambulio la bomu la Mei 2017 lililoua watu 22, nyuki yule alichorwa kwenye kuta na hata kwenye ngozi za watu. Mwaka 2018 sanamu kubwa za nyuki zaidi ya 100 zilipangwa mitaani, pamoja na nyingine ndogo zilizopambwa na watoto wa shule na vikundi vya mitaa. Lakini Manchester walimchukua nyuki waliyekuwa naye tayari kwa zaidi ya miaka 170. Sisi tunataka kumpeleka nyuki wetu kwa jirani.

Na jirani huyo tuna historia naye ambayo haitafutwa kwa rangi. Mwezi Mei 2008 ghasia dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, zikaenea, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Mwezi Januari 2015 maduka ya wageni yaliporwa Soweto yenyewe. Wapo miongoni mwa wasomaji wetu waliofunga duka na hawakulifungua tena. Aliyeuliza kikaoni tuna idhini ya nani hakuwa mkorofi, alikuwa anakumbuka. Wapo pia waliofichwa na mama wa Kisotho chumbani mwake mpaka kelele zikaisha. Nao wanakumbuka.

Basi baada ya kusoma na kutembea, sisi tuliopewa kazi hii tumefikia shauri moja. Historia ya Soweto haituonyeshi kwamba mgeni hawezi kuchora. Inatuonyesha kwamba kazi iliyopendwa ni ile ambayo majirani waliianza kwa kufagia, wakaipa jina wenyewe, na wakaendelea kuimwagilia. Kwa hiyo vijana wasianze na ukuta, waanze na kiwanja kilicho mbele yake. Waende kwa kamati ya mtaa, wapeleke ombi, na wakubali pia kuambiwa hapana. Wakikubaliwa, wafagie pamoja na wenyeji. Wapande mishubiri ya porini, ambayo kwenye uwanda huu huchanua wakati wa baridi, Juni na Julai, siku ambazo nyuki na chozi wana njaa na nchi nzima inakumbuka 1976. Wapande pia malenge na maharage, ili mama mwenye ukuta apate kitu cha kupika. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2016 ilieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wachavushaji kwa kiasi fulani, na somo hilo mtoto hulielewa upesi akiona ua la malenge likiwa tunda.

Mchoro uje baadaye, na wenye mtaa waamue uwe na nini. Huenda wakataka nyuki. Huenda wakataka tairi lililopakwa rangi, kama lile ambalo baba yao alilipaka na askari akaling'oa.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Wengi wetu tuliifuata asali hadi nchi hii bila kumtazama nyuki mwenyewe wala kuuliza anakula wapi. Kikao kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, baridi ikiwa imepungua na mvua haziko mbali. Tunaomba kila familia ije na mche mmoja na chombo cha kumwagilia maji. Makopo ya rangi yamehifadhiwa stoo, hayataoza.